Kiharusi si Jini: Presha, Chumvi na Amana ya Mwili

Bismillahir-Rahmanir-Rahim



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimshukie Mtukufu Mtume Muhammad (s.a.w.), pamoja na jamaa zake na masahaba wake.

Mada tuliyopangiwa katika mkutano huu ni afya ya familia. Mada hii ni pana sana, na lau tungetaka kuieleza yote, adhana ya Alasiri ingetukuta bado tuko kwenye utangulizi. Kwa hiyo tumeonelea tuchukue ugonjwa mmoja tu ambao umebisha hodi karibu katika kila mtaa wetu. Ugonjwa huo ni kiharusi, yaani kupooza kwa ghafla kwa upande wa mwili, pamoja na mzazi wake mkubwa ambaye ni shinikizo la damu, au kama wengi wetu tunavyoliita, presha.

Mzee ni mzima, ameswali Isha kwa jamaa, amekula na watoto wake na akalala. Anapoamka alfajiri ili atawadhe, mkono wa kulia hauinuki, mdomo umekwenda upande, na maneno yanamtoka yasiyofahamika. Nyumba nzima inataharuki. Mmoja anasema amepigwa na upepo mbaya. Mwingine anasema amekanyaga kitu alichotegewa. Wa tatu anatoka mbio, lakini mbio zake si za kwenda hospitali bali za kwenda kwa mganga. Mgonjwa anafukizwa, anavalishwa hirizi, anachinjiwa kuku wa rangi iliyotajwa. Siku ya nne au ya tano, akiba ya nyumba ikiwa imekwisha na mgonjwa hawezi tena kumeza, ndipo gari linapotafutwa la kumpeleka hospitali.

Hatusemi haya kwa kubahatisha. Kati ya mwaka 2003 na 2006 watafiti walihesabu kwa uangalifu watu waliopatwa na kiharusi hapa Tanzania, katika sehemu mbili: Hai, mkoani Kilimanjaro, na Dar es Salaam. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya kulinganisha umri wa watu wa sehemu hizo mbili, ilionekana kwamba huko Hai watu wapatao 109 katika kila watu 100,000 walipatwa na kiharusi kwa mwaka, na Dar es Salaam watu wapatao 316. Yaani karibu mara tatu.

Watafiti wengine, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2008, waliwauliza watu wa sehemu hizo hizo kiharusi kinaletwa na nini. Huko Hai wengi walitaja presha, vyakula vyenye mafuta na msongo wa mawazo, na mgonjwa alipelekwa kwanza hospitali. Dar es Salaam wengi walitaja mashetani na uchawi, na kwa imani hiyo walikwepa hospitali wakaanzia kwa waganga.

Ndugu wapenzi, tulitafakari jambo hili. Mji ambao hospitali zake ni nyingi na misikiti yake ni mingi ndio ambao watu wake walikimbia hospitali kwa kuhofia majini. Hili ni jambo la sisi tunaoswali kujiuliza.

DINI INASEMA NINI JUU YA SABABU

Qur'an Tukufu imetaja majini, nasi hatuikanushi hata herufi moja ya Kitabu hicho. Lakini hakuna mahali ambapo Kitabu hicho au Mtukufu Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba mtu akipooza upande mmoja, basi tumwache tabibu twende kwa mpiga ramli. Kinyume chake, Mtume (s.a.w.) ameonya kwamba mwenye kumwendea mtabiri na kumwuliza habari za ghaibu, swala yake haikubaliwi siku 40. Na Mabedui walipomwuliza kama watafute dawa, aliwaamrisha watafute, kwani Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia na dawa yake, isipokuwa uzee.

Tukumbuke pia kisa cha siku aliyofariki Ibrahim, mwana mdogo wa Mtukufu Mtume (s.a.w.). Siku hiyo jua lilipatwa. Watu wakaanza kusema kwamba limepatwa kwa sababu ya msiba ule. Lau Mtume wetu angekuwa mtu wa kutafuta sifa, angenyamaza. Lakini yeye, huku moyo wake ukiwa na huzuni ya mtoto, aliwakataza wasiamini hivyo, akaeleza kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu na havipatwi kwa kufa mtu wala kwa kuzaliwa kwake. Huyo ndiye kiongozi wetu. Je, inatupasa sisi, ambao ni umati wake, kuuona mdomo uliopinda tukasema ni jini?

Wala si mara ya kwanza kwa jamii zetu kujifunza somo hili. Wazee wetu wengi waliamini kwamba degedege la mtoto linaletwa na shetani au ndege apitaye juu ya nyumba usiku. Mtoto alifukizwa badala ya kupelekwa zahanati, na makaburi madogo yakaongezeka. Leo akina mama wengi wanajua kwamba homa kali yenye degedege huenda ikawa malaria, na kwamba dakika zina thamani. Jambo lililowezekana kwa degedege linawezekana pia kwa kiharusi.

KIHARUSI NI NINI HASA

Ubongo wetu unaishi kwa damu. Damu hiyo inapita katika mishipa, mingine minene, mingine myembamba kuliko uzi. Mshipa mmoja ukizibwa na bonge la damu, au ukipasuka na damu ikavuja, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo huanza kufa. Kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha upande wa kulia wa mwili, na wa kulia unaendesha wa kushoto, mtu hupooza upande mmoja. Hakuna fumbo hapo.

Na kitu kikubwa kinachoichakaza mishipa hiyo ni presha. Maji yakisukumwa kwa nguvu mno katika mpira wa kumwagilia bustani, siku zikipita mpira hukakamaa, hufanya ufa, hupasuka. Ndivyo mishipa ilivyo. Mwaka 2002 ulichapishwa muhtasari wa tafiti 61 zilizokusanya habari za watu wazima wapatao milioni moja. Ulionyesha kwamba kwa watu wa umri wa kati, kila namba ya juu ya presha inapozidi kwa 20, hatari ya kufa kwa kiharusi huongezeka zaidi ya mara mbili.

Tatizo ni kwamba presha haina kelele. Wengi hudhani kwamba mwenye presha lazima aumwe kichwa au aone kizunguzungu. Sivyo. Mtu anaweza kukaa nayo miaka kumi akilima, akiuza duka, akiongoza swala, bila kuhisi lolote. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana ugonjwa huu, na karibu nusu yao hawajijui. Wengine husema presha ni ya wanene, au ya matajiri, au ya wenye mawazo mengi. Wembamba wanayo, maskini wanayo, na wacheshi wanayo. Njia ya kujua ni moja tu, nayo ni kupima.

KUPIMA NA KUTUMIA DAWA

Kila mtu mzima katika nyumba apime presha walau mara moja kwa mwaka, hata kama haumwi. Kabla ya kupima, mtu akae kitako kwa utulivu dakika tano, miguu yake ikanyage chini, mkono uwekwe juu ya meza usawa wa moyo, na asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa iliyotangulia. Zikionekana namba 140 kwa 90 au zaidi, arudie siku nyingine. Zikibaki juu, amwone daktari.

Mama mjamzito ana haki zaidi. Presha inayopanda wakati wa mimba huweza kuleta kifafa cha mimba, ambacho nacho hudhaniwa kuwa ni shetani. Mume asiseme kwamba kliniki ni mambo ya wanawake. Amwulize mkewe kila anaporudi: je, presha imepimwa, na mkojo umepimwa? Mama mwenye mimba akiumwa kichwa kikali, akiona ukungu machoni au akivimba uso na mikono, asingoje tarehe ya kadi. Aende siku hiyo hiyo.

Akishaandikiwa vidonge, mgonjwa wa presha ajue kwamba dawa hizi si kama dawa za malaria, ambazo mtu humaliza dozi akapona. Mara nyingi ni za kudumu. Wengi wetu humeza mwezi mmoja, wakapima wakaona namba nzuri, wakasema: Alhamdulillah, tumepona. Wakaacha. Namba ile nzuri ilikuwa kazi ya kidonge, na kidonge kikiondoka, presha hurudi mahali pake kimya kimya.

Wapo pia jirani na jamaa ambao, kwa mapenzi mema, humwambia mgonjwa aache vidonge kwa sababu vinamaliza figo. Ukweli ni kwamba presha isiyotibiwa ndiyo inayoharibu figo. Tuogope kutoa fatwa za dawa bila elimu. Katika zama za Mtume (s.a.w.) mtu mmoja aliyekuwa na jeraha kichwani aliwauliza wenzake kama anaweza kutayamamu. Wakamjibu kwamba hawamwonei ruhusa. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari alikasirika sana, akawalaumu kwamba wao ndio waliomwua, na akafundisha kwamba asiyejua, dawa yake ni kuuliza.

Asali, habasoda na hijama tunaviheshimu, kwani vimo katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.). Lakini mwenye kuvitumia asiviweke mahali pa kidonge alichopewa, na amweleze daktari kila anachokitumia.

Na kama mtu akisema kwamba kumeza dawa kila siku ni upungufu wa kumtegemea Mungu, tunamkumbusha yule Bedui aliyeambiwa amfunge kwanza ngamia wake kisha amtegemee Mungu. Na tunamkumbusha Hadhrat Umar (r.a.), ambaye akiwa njiani kwenda Shamu alipata habari za tauni akageuza msafara. Abu Ubaidah (r.a.) alipomwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu, alijibu kwamba wanaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Kidonge nacho ni kadari yake Mola.

CHUMVI YA NYUMBANI

Sasa tuingie jikoni. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa yote: iliyo kwenye mboga, mkate, na ile ya kunyunyiza. Lakini wastani wa dunia, kwa makadirio ya Shirika hilo hilo, ni zaidi ya gramu 10.

Je, kupunguza kunafaa? Huko China, katika vijiji 600, watafiti waliwafuata kwa miaka karibu mitano watu 20,995, ambao walikuwa wamewahi kupatwa na kiharusi au ni wazee wenye presha. Nusu ya vijiji viliendelea na chumvi ya kawaida. Nusu nyingine vilipewa chumvi ambayo robo yake imebadilishwa kwa chumvi ya potasiamu. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2021, yalionyesha kwamba katika vijiji vilivyobadilisha chumvi, kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 na vifo kwa asilimia 12. Hawakujengewa hospitali mpya. Kilichobadilika ni kopo la chumvi. Tahadhari ni moja: mwenye ugonjwa wa figo asitumie chumvi ya namna hiyo bila ushauri wa daktari, kwani potasiamu inaweza kumdhuru.

Kwetu sisi, ambao chumvi hiyo ni adimu madukani, njia iko wazi. Kopo la chumvi liondoke mezani. Samaki wa chumvi, kama papa mkavu na ng'onda, alowekwe na maji yamwagwe kabla ya kupikwa. Vile vidonge vya kukoleza mchuzi vina chumvi nyingi ndani yake, kwa hiyo mwenye kuvitia asiongeze chumvi nyingine. Ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, bizari na pilipili vinaweza kuipa mboga ladha isiyohitaji chumvi nyingi. Mchicha, maharage, ndizi na machungwa vina potasiamu kwa maumbile yake, navyo vinapatikana sokoni. Chumvi tutakayobaki nayo iwe ile yenye madini joto, kwani watoto wanayahitaji.

Hapa tunasema na akina baba hasa. Mara nyingi mama hupunguza chumvi, na baba hugomba kwamba chakula hakina ladha. Mtukufu Mtume (s.a.w.) hakuwa akikitia chakula ila, akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Ulimi huzoea. Tupunguze kidogo kidogo, na baada ya wiki chache ladha ya zamani itaonekana kali mno.

Mwezi wa Ramadhani nao tuutazame. Mwenyezi Mungu katika Sura Al-A'raf ameturuhusu kula na kunywa, lakini amekataza israfu. Mtu aliyefunga kutwa nzima akafuturu kwa sambusa, bagia na kachori za mafuta, na chai yenye vijiko vinne vya sukari, ameshinda njaa mchana akashindwa magharibi. Mwenye kutumia dawa za presha amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, kwani nyakati za vidonge vingi zinaweza kupangwa kati ya futari na daku. Na yule ambaye daktari ameona kwamba saumu itamdhuru, asione haya kuipokea ruhusa aliyopewa na Mola wake.

Kuhusu mwendo, ushauri wa wataalamu ni walau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa haraka au kazi inayotoa jasho. Dini yetu imekwisha kutuahidi thawabu kwa kila hatua ya kuuendea msikiti. Basi mwenye afya aliye karibu aiache pikipiki nyumbani. Na sigara, kwa kila ajali mwili wake, haina fungu hata kidogo.

KIKITOKEA, TUFANYE NINI

Dalili ni tatu za kukumbuka: uso umepinda upande mmoja, mkono mmoja hauinuki, usemi umevurugika. Hata moja tu ikitokea ghafla, tutazame saa na kukumbuka wakati ilipoanza, kisha tumpeleke mgonjwa hospitali kubwa iliyo karibu mara moja. Hata dalili zikiisha baada ya dakika chache, apelekwe vile vile, kwani hiyo ni onyo.

Tusimpe chakula, maji wala dawa mdomoni, maana koo lake huenda limepooza na anaweza kupaliwa. Tusimpe aspirini, kwani kama mshipa umepasuka itazidisha kuvuja kwa damu. Kama amepoteza fahamu lakini anapumua, alazwe kwa ubavu. Iko dawa ya kuyeyusha bonge la damu, lakini hufaa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili kuanza, na ni baada ya kupigwa picha ya ubongo. Ni kweli kwamba hospitali nyingi za kwetu hazina dawa hiyo. Hata hivyo mgonjwa aliyefika mapema hupimwa sukari, huzuiliwa asipaliwe na kupata homa ya mapafu, na huanza mapema mazoezi ya viungo. Aliyechelewa siku tano kwa mganga hayapati haya.

WAJIBU WA MSIKITI

Mwisho tunatoa pendekezo. Katika mji wa Los Angeles, Marekani, watafiti waliona kwamba wanaume weusi wenye presha hawaendi kwa daktari, lakini kwa kinyozi wanakwenda. Basi wakaipeleka tiba huko. Katika vinyozi 52, wanaume 319 walishiriki. Walioonana na mfamasia pale pale kwa kinyozi walishuka presha, namba ya juu, kwa wastani wa 27 katika miezi sita. Waliohimizwa tu waende kwa daktari walishuka kwa 9. Matokeo haya yalichapishwa mwaka 2018.

Sisi tuna mahali bora kuliko kwa kinyozi. Tunakutana mara tano kwa siku, na Ijumaa tunajaa hadi barazani. Kila tawi linunue mashine moja ya kupimia presha. Katika kila jamaa hawakosi muuguzi, mganga wa zahanati au mfamasia. Awe anapima watu baada ya swala ya Ijumaa mara moja kwa mwezi, akina mama nao wapimwe upande wao, namba ziandikwe katika daftari, na wenye namba za juu wasindikizwe hospitali, wasiambiwe tu waende. Imamu awe wa kwanza kukunja mkono wa kanzu. Na nyumba yenye mgonjwa wa kiharusi ikitokea, jamaa wa kwanza kufika awe wetu, na awe amekuja na gari.

Mwenyezi Mungu katika Sura Al-Baqara ametuonya tusiwe sababu ya maangamizi yetu wenyewe, na katika Sura Al-Maida ametufundisha kwamba mwenye kuiokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote. Mwili ni amana, na una haki juu yetu. Mola wetu atujaalie tuirudishe amana hiyo kwake tukiwa tumeitunza, awaponye wagonjwa wetu waliolala vitandani, na awalipe kheri wale wanaowageuza, kuwaosha na kuwalisha usiku na mchana. Amin.

Wa aakhiru da'waanaa anil-hamdu lillaahi Rabbil-aalamiin.